Hiyo Picha ya Chozi Mnayonipongezea

Alhamisi, saa tisa alasiri, Migosi, hapa Kisumu. Joto limekalia mabati tangu asubuhi. Mawingu yamejikusanya upande wa ziwa lakini hayataki kunyesha, yamenuna tu, na mimi nimenuna pamoja nayo.

Nimezima simu. Tangu jana jioni imekuwa ikilia bila kupumzika, na kila nikiipokea ni hongera. Hongera Rukia. Mashallah dada. Wapiga picha wenzangu wa hapa mjini, ambao miaka yote wakinikuta kazini hujifanya hawanioni, jana waliniandikia kuniuliza natumia lenzi gani. Mwanangu Zuhura, aliye Nakuru kikazi, amenitumia ujumbe wa sauti akilia kwa furaha. Huo nimeshindwa kuusikiliza hadi mwisho.

Sitaki hongera zenu.

Kama hujaiona picha yenyewe, ni ya chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo mwembamba uliopinda, anayefyonza utamu wa maua. Huyu ni dume: kichwa kijani kinachong'aa, kifua chekundu, mkia una manyoya mawili marefu. Yuko hewani mbele ya ua la rangi ya chungwa, mabawa yamefunguka yote mawili, na ukitaka unaweza kuhesabu unyoya mmoja mmoja. Hoteli moja ya ufuoni, ambayo sitaitaja, iliibandika kwenye ukurasa wake jana na watu wakaishangilia. Kesho asubuhi natakiwa niende kutia sahihi mkataba wa mwaka mzima. Nitapiga vyumba vyao, vyakula vyao, harusi zao, na picha ya chozi itachapwa kubwa na kutundikwa pale wageni wanapopokelewa.

Picha ile ni ya uongo. Sikuiiba kwa mtu, niliipiga mwenyewe hapa uani kwangu. Lakini ndege yule haruki.

Nitaeleza. Wa kunichukia anichukie akiwa na habari kamili.

Mimi ni mpiga picha wa matanga. Wanaonifahamu wanajua, wasionifahamu wajue sasa. Kuanzia Ijumaa hadi Jumapili niko njiani: Bondo, Usenge, kokote mwili unakopelekwa kuzikwa. Huku kwetu mazishi bila mpiga picha ni mazishi yaliyopungukiwa. Jeneza likitua uwanjani, kila kundi linataka kusimama nyuma yake lipigwe: watoto, wakwe, chama cha akina mama, watu wa kanisa, waliosoma naye, waliofanya naye kazi. Kuna siku mhubiri amekaa na kitabu mapajani karibu saa nzima akisubiri, kwa sababu kuna mashemeji waliochelewa na hawakubali marehemu azikwe kabla hawajapigwa naye.

Na mimi ndiye ninayepiga kelele. Sogea hapo mama, jua linakumulika vibaya. Wewe wa shati nyeupe, rudi nyuma. Nimemshika mjane mabega nikamgeuza kama meza, kwa sababu kivuli cha hema kilimkata uso katikati. Alinifuata tu, hakuwa na nguvu ya kukataa.

Miaka kumi na mmoja. Nimefika mahali ambapo nikikutana na mtu ninayemjua sokoni, kabla sijamjibu salamu nimeshawaza ni picha yake ipi itafaa kwenye jalada la kitabu cha mazishi. Hilo si jambo la kumwambia mtu, lakini hapa ninaandika ninachotaka.

Chozi nilianza kuwapiga miaka miwili iliyopita. Nyuma ya nyumba yangu, pembeni mwa bomba la maji, yapo yale maua ya chungwa yanayokaa kwa mafundo kwenye shina moja refu, ambayo tulipokuwa wadogo tuliyachomoa na kunyonya asali yake. Sikuyapanda. Yaliota yenyewe, na chozi wakaja. Nilitoka siku moja kuanika nguo, nikaona dume mmoja amening'inia kwenye shina kichwa chini, nikarudi ndani kuchukua kamera. Kilikuwa kitu cha kwanza baada ya miaka mingi nilichokipiga bila mtu kulia nyuma yangu. Ndiyo maana wengi wenu mnanisoma hapa, kwa sababu ya wale ndege. Mimi pia nilijifungulia blogu hii kwa sababu yao.

Mwezi uliopita meneja wa hoteli akaona picha hizo akaniita. Mtu nadhifu sana, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inaweza kukukata. Akanionyesha kwenye simu yake yule ndege mdogo wa Marekani anayevuma kama nyuki, anayesimama hewani mbele ya ua dakika nzima bila kushika kitu. Alitaka hivyo hivyo, lakini wa Kisumu.

Nikamweleza kwamba yule hayuko Afrika. Chozi wetu hufanana naye kwa rangi tu. Huyu wetu hutua kwenye shina ndipo anywe, na akisimama hewani ni kwa muda wa kupepesa jicho, kisha ameshika tawi.

"Madam, mimi mambo ya Amerika siyajui," akaniambia. "Mimi nataka ndege iko hewani. Ile ya kukaa kwa tawi hata mlinzi wangu anaweza kupiga na simu."

Akanipa hadi mwisho wa wiki hii, kwa sababu ukuta ulikuwa unapakwa rangi. Nikisha kumletea picha hiyo, mkataba ni wangu, na matanga basi. Nilitoka pale nikiwa nimeshaacha matanga moyoni. Nilimpigia Zuhura nikamwambia mama yako hatarudi tena kwenye mahema.

Wiki tatu nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kuanzia alfajiri. Nilipata mikia. Nilipata ua tupu linalotikisika. Nilipata bawa moja na ukungu wa kijani. Kamera yangu ni ya zamani, fokasi yake ikisita hata kidogo ndege amekwisha pita. Na kila nilipokaribia kupata kitu, walikuja kuku.

Sasa tuje kwa Mama Atieno. Uani kwetu tunachangia nyumba nne, na yeye ndiye wa mlango unaopakana na wangu. Jioni hukaanga samaki akauza pale langoni mwa mtaa. Amezaliwa Usenge, na hilo hakuachi usahau, maana kila samaki wa Kisumu kwake ameoza na kila maji ya Kisumu ni machafu. Redio yake ya nyimbo za kanisa huwaka kabla ya adhana. Moshi wa mafuta yake umeingia kwenye mabuibui yangu yote. Tumeshagombana kwa ajili ya kamba ya nguo, kwa ajili ya bomba, na mwaka huu akaongeza kuku watano ambao hawana banda, hulala jikoni kwake na mchana hushinda kwenye maua yangu wakichakura mizizi.

Sitajifanya. Sikuwapenda wale kuku na sikumpenda mwenyewe. Nilikuwa nikimsema kwa marafiki, namna anavyonuka samaki hata siku ya Jumapili.

Jumamosi iliyopita, kwa kuwa mkataba ulikuwa bado, nilikuwa na mazishi karibu na Usenge. Nyuma ya boma lile kulikuwa na shamba dogo la sukuma wiki, na lilikuwa limezungushiwa wavu wa kuvulia. Ukanda wote wa ziwa ni hivyo, wavu ukichakaa haufai majini unamalizia maisha yake kuzuia kuku. Nikaona nimepata dawa. Nilimwomba mzee wa boma anipe kipande. Akanionyesha rundo la nyavu kuukuu nyuma ya choo na kuniambia nichague.

Ule wa kamba nyeusi, mnene, nikaukataa. Ungeonekana kwenye picha. Chini yake nikakuta mwingine, wa uzi wa nailoni mweupe kama maji, mwembamba kama unywele. Ukiuinua juani unatoweka.

"Hiyo chukua," mzee akasema, "lakini usiseme umetoa hapa. Hiyo imekatazwa."

Najua imekatazwa. Kila mtu wa huku anajua. Umekatazwa kwa sababu samaki hauoni, wakubwa kwa wadogo wanaingia wote. Mimi niliuchagua kwa sababu hiyo hiyo. Nilitaka kitu ambacho kuku atakigonga na lenzi haitakiona. Kuhusu ndege sikuwaza hata kidogo, na mimi ndiye ninayejiita mpiga picha wa ndege.

Jumapili nikasimamisha vijiti vinne kuzunguka maua, nikaufunga wavu kufikia kifuani kwangu. Nikachungulia kwenye kamera. Hakuna wavu! Nilijisifu peke yangu.

Mama Atieno akatoka na beseni lake la samaki. Akasimama. Akagusa uzi kwa kidole kimoja.

"Mama Zuhura, hii wavu umetoa wapi?"

"Kwa watu."

"Yawa, toa hii kitu. Hii ni mbaya. Kwetu wakikupata nayo wanachoma. Kitu yoyote inapita hapa inashikwa."

"Kuku wako ndio watakaoshikwa, Mama Atieno. Wafunge."

"Mimi sisemi kuku. Nasema hii wavu."

"Na mimi nasema kuku."

Akaniangalia, akaangalia maua, akaniuliza kama hayo maua nitayala na ugali. Nikaingia ndani nikafunga mlango kwa kishindo. Nilikuwa na uhakika anasema vile kwa ajili ya kuku zake. Ningeweza kuapa.

Basi, Jumanne.

Asubuhi nilikaa kwenye ndoo yangu kama kawaida. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linapanda juu ya ukuta, ule mwanga wa dhahabu unaodumu robo saa tu. Dume akaja. Akateremka kutoka kwenye waya wa umeme moja kwa moja kuelekea ua la juu, na mbele ya ua akasimama.

Hewani. Mabawa yanapiga, mwili hauendi popote.

Nikabonyeza. Kamera yangu ikibonyezwa hivyo hupiga mfululizo, ta-ta-ta-ta, mpaka unyanyue kidole. Nilisema kwa sauti, asante Mungu, asante Mungu. Nikaachilia kidole, nikatazama kioo kidogo cha nyuma, nikakuza.

Kifuani pake, juu ya ile rangi nyekundu, ulipita mstari mwembamba mweupe.

Nilijua papo hapo ni nini. Nataka hili lieleweke. Mfululizo wa kwanza sikujua, huo najisamehe. Kabla ya wa pili nilikuwa nimeshajua, na ushahidi ninao, kwa sababu katika mfululizo wa pili kamera imesogea kushoto. Niliisogeza mimi. Uzi ulikuwa unang'aa juani, nikasogea ili using'ae.

Kisha nikapiga magoti nipate ua nyuma yake. Kisha nikapunguza mwanga kidogo. Alikuwa anapumzika, mabawa yakishuka, halafu anaanza tena, na mimi nilikuwa nasubiri aanze tena. Nilikuwa nimetulia kabisa. Mkono wangu haujawahi kuwa mtulivu vile. Nilijiambia, moja tu, halafu namtoa. Nikapata hiyo moja. Nikajiambia, nyingine ya akiba.

Kamera huandika saa kwenye kila picha, nikipenda nisipende. Ya kwanza ni saa moja na dakika kumi na mbili. Ya mwisho ni saa moja na dakika kumi na tisa. Hiyo mnayoisifu ni ya saa moja na dakika kumi na sita.

Mlango wa Mama Atieno ukafunguka.

Hakunisalimu. Alikuja amevaa kanga ya usingizini, akanisukuma kwa nyonga kama mtu anayesukuma mbuzi njiani, akachuchumaa. Nilidhani atakata wavu. Hakukata. Alimfunika ndege mzima kwa kiganja cha kushoto ili atulie, na kwa mkono wa kulia akaanza kutafuta. Anayetoa samaki kwenye wavu, alinieleza siku moja tulipokuwa bado tunaongea, hutafuta uzi ulioingia mwisho, autoe huo kwanza. Ukianza na mwingine unakaza yote. Nilimwangalia akifanya hivyo kwa ndege mwenye uzito wa sarafu chache, kwa vidole vile vile ninavyovisema kwa watu kwamba vinanuka. Shingo. Bawa la kulia. Miguu. Bawa la kushoto likawa gumu.

"Winyo matin namna hii," akawa ananong'ona. Ndege mdogo hivi. Hakuwa akiniambia mimi.

Akalitoa. Uzi ulikuwa umekata chini ya bawa na kuingia ndani. Akageuza kiganja juani akapatazama mahali pale muda mrefu.

"Hii imeingia kwa nyama. Yule ameshikwa sasa hivi hakuwangi hivi. Huyu amepigana sana." Akainua macho. "Ameshikwa saa ngapi?"

Nikasema, "Sasa hivi. Ndiyo nimemwona."

Akatazama kamera iliyoning'inia shingoni mwangu.

"Na hiyo kamera ilikuwa inalia nini?"

Dirisha la jikoni kwake liko hatua nne kutoka pale.

Ndege alikufa mkononi mwake. Hakukuwa na kishindo chochote, mdomo ulifunguka kidogo na kichwa kikaegemea kidole chake. Mama Atieno akasimama, akanishika mkono, akauweka humo.

"Shika. Ni yako."

Halafu akaenda kuchukua kisu, akaukata wavu kwenye vijiti vyote vinne bila kuniomba ruhusa, akaukunja, akautia kwenye jiko lake. Uani kote kulinuka plastiki hadi saa nne.

Mngetarajia kwamba hapo nililia, nikatubu, nikaifuta kadi ya kamera. Sikulia. Nilimweka ndege kwenye boksi la viatu juu ya meza, nikafungua kompyuta.

Miaka yote hii, kwenye kompyuta hiyo, nimefuta pamba kwenye pua za marehemu. Nimewafumba macho waliogoma kufumba. Familia hulipia hilo, na mimi nina mkono mwepesi. Kufuta nyuzi za nailoni kwenye mandhari ya kijani ni kazi ya mtoto. Ule uliopita kifuani ulinichukua muda zaidi. Ule wa kwenye bawa la kushoto haukufutika vizuri, uliacha mkunjo, kwa hiyo nililikata bawa la kulia, nikaligeuza, nikalibandika upande wa pili. Angalieni vizuri picha yenu. Mabawa yote mawili ni moja.

Saa sita mchana nilimtumia meneja. Boksi la viatu lilikuwa kando ya kompyuta, kifuniko wazi.

Jana akajibu: "Madam hii sasa ina uhai! Karibu Ijumaa tuweke sahihi." Nilicheka peke yangu jikoni, kicheko kibaya ambacho nilipokisikia nilikinyamazisha.

Ndege nilikuwa nimemzika Jumanne jioni chini ya maua, katika kipande cha gazeti. Jike lake bado anakuja. Ni mdogo, wa kijivu, hana rangi yoyote ya kumtamanisha meneja. Anatua kwenye shina, anakunywa, anaondoka. Kamera sijaiinua.

Na Mama Atieno hajasema neno. Hilo ndilo linalonichemsha damu zaidi ya yote. Mtu ambaye hajui kufunga mdomo, ambaye akinunua chumvi mtaa mzima unajua, juu ya hili amenyamaza. Jana asubuhi tumekutana bombani, akaniuliza nimeamkaje, nikamwambia salama, akajaza ndoo yake akaenda. Nilimngoja aseme. Nilikuwa nimeshapanga maneno: na wewe kuku wako, na wewe redio yako, na wewe unaona wavu mbaya unashindwaje kunilazimisha kuutoa. Ningemshambulia mpaka majirani watoke. Akaninyima hata hilo. Nimemchukia tangu jana kuliko nilivyomchukia mwaka mzima wa moshi wake, na sababu ni kwamba hana kosa.

Nimejaribu visingizio kadhaa. Kile kilichokaa vizuri zaidi ni kwamba matanga ndiyo yaliyonifanya hivi, kwamba mtu akishinda miaka kumi na mmoja akitafuta mwanga huku watu wanazimia mbele yake, roho huota sugu. Nilikipenda. Nilikiandika hadi aya tatu hapa leo asubuhi, kwa maneno matamu, mngenionea huruma. Nimekifuta. Wapo wapiga picha wa matanga ninaowajua ambao hushusha kamera mjane akianguka. Mmoja wao huishusha kila mara, na nimekuwa nikimcheka kwamba hajui kazi.

Kuhusu meneja pia nilitaka kumlaumu. Yeye na ndege wake wa Marekani. Lakini hakuniambia nimfunge chozi kwa uzi mbele ya ua.

Kwa hiyo nimefanya hivi. Nimewasha simu kwa dakika kumi. Nimemtumia meneja picha ya asili, ile ya saa moja na dakika kumi na sita, nyuzi zote zikiwemo, na bawa la kushoto lilivyokuwa. Nimemwandikia kwamba ndege huyu alikuwa amenaswa, kwamba nilimpiga nikijua, kwamba amekufa, na kwamba aiondoe ile nyingine kwenye ukurasa wake. Nikaipigia simu familia moja ya Bondo niliyoikatalia wiki iliyopita kwa maringo, nikawauliza kama wameshapata mpiga picha wa Jumamosi. Hawajapata. Nitakwenda. Zuhura nimemwambia asome hapa, asinipigie kwanza.

Picha ya asili iko chini ya maandishi haya. Ikuzeni. Uzi wa kifuani unaonekana vizuri zaidi ukiinamisha simu kidogo.

Meneja amesoma. Alama mbili za buluu zimetokea, hajajibu, na sidhani atajibu. Sina kinyongo naye. Na ninyi msiniandikie pole, tafadhali, wala msiniambie kukiri ni ushujaa. Yeyote atakayeandika neno ushujaa hapo chini nitamfuta.

Kuna swali moja tu ambalo limenikalia kooni tangu Jumanne, na nimelizunguka katika maandishi yote haya kwa sababu naliogopa. Dakika saba zile hazikuisha kwa sababu mimi niliona inatosha. Ziliisha kwa sababu mlango wa jirani ulifunguka. Kama Mama Atieno angekuwa amelala, au amekwenda sokoni mapema, ningempiga yule ndege mpaka lini?

Najijua. Ningempiga mpaka mabawa yasimame.